Bi. Nzilani Ndeti na Watu Arobaini na Mmoja

Bi. Nzilani Ndeti anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1994, akiwa ametimiza miaka ishirini na tisa katika kazi ya kusajili watu. Ishirini na mitatu ameitumikia hapa Kwa Ndululu. Sita iliyobaki aliitumikia Kambu, na huko hakwenda kwa kupenda.

Kamati ya sherehe iliniagiza niandike wasifu wake, ukurasa mmoja tu, na uwe wa kuchangamsha. Walisema wageni watakuwa na njaa, na mtu mwenye njaa hataki maneno marefu. Nimekubali kuchangamsha palipo na la kuchangamsha. Kuhusu ule ukurasa mmoja, mtanisamehe.

Bi. Nzilani alizaliwa upande wa Kitui, akasoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, akaolewa huku kwetu na marehemu Ndeti, aliyekuwa fundi wa reli pale Sultan Hamud. Mnamo Julai 1965 aliandikwa kazi hapa kama mfagiaji. Wakati huo karani wa kuchukua alama za vidole alikuwa mtu wa kupenda sana vilabu, na asubuhi nyingi watu walipiga foleni mbele ya kiti kitupu. Siku moja Bi. Nzilani aliegemeza ufagio ukutani, akafungua kibati cha wino, akaanza kuwahudumia. Kufikia jioni alikuwa amemaliza foleni. Ilichukua miaka miwili ofisi kukubali kwa maandishi kwamba mfagiaji wake alikuwa karani.

Siku hizo kitambulisho kilikuwa cha wanaume peke yao, na wazee wengi bado wanakiita kipande, kama kile walichovishwa shingoni enzi za mkoloni. Wanaume hawakuzoea kushikwa mkono na mke wa mtu. Kuna mzee mmoja aliyekataa katakata, akataka kwanza mwenye mke aitwe atoe ruhusa. Ndeti alikuja kutoka Sultan Hamud kwa baiskeli, jasho likimtiririka, akamsikiliza mzee kwa heshima zote. Kisha akamwambia kwamba ruhusa asiitafute kwake, kwa maana hata yeye mwenyewe nyumbani huiomba kwa huyo huyo mama. Mzee alicheka mpaka akatoa vidole vyote kumi.

Baadaye sheria ikageuka na akina mama nao wakaanza kusajiliwa. Hapo ndipo tulipojua Bi. Nzilani ni fundi wa namna gani. Mikono ya mama wa huku kwetu, aliyechimba matuta ya shamba miaka thelathini, haina alama. Jembe limezilamba zote. Makarani wengine walibandika doa jeusi wakasema basi. Yeye aliwarudisha nyumbani na agizo moja: siku tatu bila kushika jembe, na kila jioni mikono ipakwe samli. Waume walikuja kushtaki kwa chifu kwamba serikali imewapa wake zao likizo. Lakini baada ya siku tatu mama alirudi, na kidole chake kikatoa mistari safi.

Na kulikuwa na jambo la miaka ya kuzaliwa. Mimi niliingia ofisi hii mwaka 1977, kijana wa kidato cha nne mwenye kalamu tatu mfukoni. Mama zetu hawajui walizaliwa mwaka gani. Wanajua njaa iliyokuwapo, au ugonjwa wa ng'ombe, au ni nani aliyezikwa wiki ile. Fomu nayo inataka namba. Kugeuza njaa kuwa namba ilikuwa kazi ya karani, na mimi niliifanya haraka. Kila mama mwenye mvi niliyemwona nilimwandikia 1929, mwaka wa ile njaa tunayoiita Nzalukangye, kwa sababu ndiyo njaa nyanyangu alikuwa akiihadithia. Nilipanda cheo kwa wepesi wangu. Bi. Nzilani alivuta kiti, akamuuliza mama maswali mpaka chai ikapoa, kisha akaandika jibu katika daftari lake mwenyewe la shule, lenye jalada la bluu, alilojinunulia. Msajili wetu wa wakati huo, Bwana Muthama, alimuuliza mara nyingi kwa nini anapoteza wakati kwa mambo ambayo fomu haikuuliza. Alijibu kwamba fomu haimjui mtu.

Sasa nafika mahali ambapo kamati ingependa niruke.

Vitambulisho vilichukua hadi miaka miwili kurudi kutoka Nairobi. Vilipofika, akina mama wengi hawakuja kuvichukua. Wengine walikuwa wamesahau. Wengine walikatazwa na wakwe, waliosema kwamba mwanamke akipewa kipande atauza shamba. Kufikia 1986 tulikuwa navyo mia tatu na kumi na viwili, vimepangwa ndani ya sanduku la mbao, na kila Ijumaa Bi. Nzilani aliketi akavihesabu kama mama anayehesabu kuku wake.

Mwezi wa Aprili mwaka ule tuliambiwa mkubwa fulani anakuja. Ofisi ikapakwa rangi. Bwana Muthama akaamuru kila kitu kitolewe ndani, na sanduku lile pamoja na madaftari ya usajili vikawekwa siku mbili katika stoo ya duka la jirani. Aliyevibeba ni mimi. Sikudai karatasi ya kupokelewa na sikufunga kufuli, kwa maana mwenye duka tulikuwa tukinywa naye chai kila siku. Chumba cha nyuma cha duka hilo alikuwa amekipanga dalali mmoja wa ploti, mwanamume wa suti na tabasamu, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hakuna aliyewahi kumshtaki.

Yule mkubwa hakuja. Rangi ilikauka, vitu vikarudishwa, na Ijumaa ikafika. Bi. Nzilani alihesabu mara ya kwanza, akahesabu mara ya pili, kisha akaniita tuhesabu pamoja. Vilikuwa mia mbili sabini na kimoja. Alipofungua daftari la usajili akakuta kurasa nane zimekatwa kwa wembe, vizuri kabisa, karibu na mshono. Katika kurasa hizo mlikuwa na jina la mtu, la babake, la mumewe, ukoo, kijiji na mwaka wa kuzaliwa. Tulipozitafuta namba za vitambulisho vilivyokosekana katika daftari la bluu la Bi. Nzilani, wenyewe wote walikuwa wa kata moja, ile inayopakana na barabara kuu ya Mombasa. Karibu wote walikuwa wajane, na mashamba yalikuwa yameandikwa kwa majina yao.

Hata mtoto angeelewa. Ukitaka kuuza shamba unakwenda mbele ya Bodi ya Ardhi, unaonyesha kitambulisho, wazee wanakuuliza jina na ukoo, unajibu, wanagonga muhuri. Mtu mwenye kadi ile na karatasi ile alikuwa na kila kitu isipokuwa roho ya mwenyewe.

Bwana Muthama alitufungia mlango, mimi na Bi. Nzilani. Alibakiza miaka mitatu astaafu. Akasema ipo njia nyepesi. Sheria iliruhusu kadi zisizochukuliwa ziharibiwe iwapo wenyewe wamekufa. Tutaandika hati kwamba kadi arobaini na moja zimechomwa moto mbele yetu, na katika safu ya sababu tuweke neno moja, mstari kwa mstari: amefariki. Hivyo hakuna kilichopotea.

Bi. Nzilani alimwuliza, je, wenyewe wakija?

"Hawajakuja miaka sita. Andika, kila mtu aende kwake."

"Bwana Muthama, mimi siwezi kuua mtu na kalamu," akasema, akaweka kalamu mezani.

Hati ilihitaji saini mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Bwana Muthama, ambaye Mungu alimchukua mwaka 1991. Ya pili ni yangu. Nilikuwa na watoto watatu na nyumba isiyokwisha. Sitajitetea zaidi ya hapo.

Yaliyofuata ndiyo kazi kubwa ya maisha ya Bi. Nzilani, na haimo katika faili lake. Alikaa na kaboni akaandika orodha ya namba zote arobaini na moja, nakala baada ya nakala. Moja aliipeleka kwa wazee wa Bodi ya Ardhi, nyingine kwa chama cha ushirika cha pamba, nyingine kwa machifu. Ombi lake lilikuwa moja: atakayeonyesha kadi yenye namba hii, mzuieni, muulizeni sana. Jumamosi alitembea kwa miguu boma kwa boma kuwaambia wenyewe. Aliwapeleka polisi mmoja mmoja waandikishe upotevu, na polisi wakamwambia kwamba mtu hawezi kupoteza kitu ambacho hajawahi kupokea. Alirudi mara nne kwa neno hilo. Mara ya tano waliandika.

Wengi wa mama wale hawakujua kusoma, kwa hiyo orodha ya karatasi haikuwafaa. Akaenda kanisani. Huku kwetu, baada ya sadaka, husomwa matangazo: mbuzi aliyepotea, harusi, mkutano wa akina mama. Jumapili tatu mfululizo majina arobaini na moja yalisomwa kati ya mbuzi na harusi. Kisha akaenda mashambani, kwa vikundi vya mwethya, mahali ambapo akina mama huchimbiana matuta kwa zamu na kuimba ili jembe lisiwe zito. Akawapa majina wayatie katika wimbo. Kiongozi akiita "Mumbua wa Mulei," wenzake walishusha majembe wakiitikia, "Hajauza." Mpaka mvua za Novemba kila mtoto wa kata ile aliyajua majina ya wasiouza. Mimi nilikuwa nikipita njiani na kuusikia wimbo huo, na nilikuwa nikiongeza mwendo.

Huyo Mumbua wa Mulei mtataka kumjua. Ni mjane wa hapa hapa, mwenye ekari sita kando ya lami, na binti mmoja aitwaye Kasyoka anayelima naye. Lakini hakuna jirani aliyemjua kwa jina la Mumbua. Kama kawaida yetu, mwanamke akishazaa jina lake la kwanza hulala. Kwa majirani yeye ni Mama Mwangangi, kwa jina la mwanawe wa kwanza aliyekufa mchanga. Katika maandishi ya serikali, jina la Mumbua lilikuwa limebaki mahali pawili tu: katika kadi ambayo hajawahi kuishika, na katika kurasa zilizokatwa.

Alhamisi moja ya Oktoba 1986 mwanamke mwenye kitenge kizuri alisimama mbele ya Bodi akasema yeye ndiye Mumbua Mulei, anauza ekari sita. Kadi alikuwa nayo. Picha za siku zile mnazijua: kitambaa cha kichwa na kivuli; alama za vidole nazo zililinganishwa Nairobi tu. Mzee Ndolo, mwenyekiti wa Bodi, aliiona namba iko kwenye orodha, akaahirisha mpaka mchana na kumtuma mtu kumwita Bi. Nzilani. Bi. Nzilani alikuja na Mama Mwangangi halisi, miguu ikiwa na udongo wa shambani, na mimi nikatumwa na Bwana Muthama niende kuhakikisha kwamba mfanyakazi wetu hasemi kitu.

Wazee walikuwa na Mumbua wawili, mmoja mwenye kadi na mmoja mwenye mikono mitupu. Naibu wa chifu, ambaye angewatambua, siku hiyo aliamka mgonjwa. Majirani walikuja mbio, wakaapa kwamba huyu ni Mama Mwangangi, jambo ambalo halikusaidia chochote, maana aliyetafutwa ni Mumbua. Wazee wakauliza jina la baba. Yule wa kitenge akajibu sawa. Wakauliza ukoo, akajibu sawa. Mzee Ndolo akamwuliza alizaliwa lini, akasema mwaka wa 1929, wakati wa Nzalukangye, na akaeleza jinsi mamake alivyomnyonyesha kwa maji ya mizizi. Alikuwa amefundishwa vizuri. Muhuri ulikuwa tayari mkononi mwa karani.

Kisha wakamgeukia wa pili, ili mambo yaonekane ya haki.

"Mimi sikuzaliwa na njaa," akasema Mama Mwangangi. "Nilizaliwa na nzige. Mamangu alisema walikula mpaka nyasi ya paa, nikawa nalala naona mbingu."

Wazee walitikisa kichwa. Kadi inasema 1929, na nzige ni wa miaka miwili baadaye. Ndipo Bi. Nzilani akasimama, akaomba ruhusa, akafungua daftari lake la bluu, akamsomea Mzee Ndolo mstari mmoja. Uliandikwa mwaka 1980: Mumbua Mulei, amesema nzige, karani ameweka 1929. Akaeleza kwamba mwenye kadi ya kweli hawezi kusema mwaka ulio kwenye kadi, kwa sababu mwaka ule si wake, ni wa karani. Aliyeukariri mwaka ule aliusoma mahali.

Hakusema karani alikuwa nani. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, na nilitazama viatu vyangu.

Yule wa kitenge aliomba ruhusa akajisaidie. Miaka minane sasa, bado hajarudi. Dalali wake alikuwa barabarani ndani ya gari lenye injini inayonguruma, na ikawa ndiyo mwisho wa biashara yao, kwa mwaka ule. Kati ya mashamba arobaini na moja, mawili yalikuwa yamekwisha kuuzwa kabla orodha haijafika kwa Bodi. Thelathini na tisa yaliokolewa na mwanamke mmoja, kaboni yake na wimbo wa matuta.

Mngetarajia ofisi imshukuru, na kweli ilimwandikia barua. Ilifika baada ya siku kumi na moja. Ilisema ametoa siri za ofisi kwa umma, ikamhamishia Kambu, ikamzuia kupanda cheo. Alifunga vitu vyake katika katoni mbili. Kiti chake nilipewa mimi.

Huko Kambu, wanaopita wakienda Mombasa walimwona chini ya bati la ofisi ndogo, akipakaza samli mikono ya watu. Mumewe alifariki yeye akiwa huko, na tukampa ruhusa ya siku tano.

Kila mwezi aliniandikia barua, na zote nilizipokea. Ziko katika droo yangu, sabini na moja, na zote zinaomba jambo moja. Wale watu arobaini na mmoja walipokuja kuomba kadi mpya, dirisha liliwaambia kwamba haiwezekani, kwa kuwa katika kitabu chetu wamekufa. Hati yetu ilikuwa imewafanya marehemu. Walikosa kupiga kura. Katika ugawaji wa mahindi ya msaada walirudishwa na magunia matupu. Tisa wamekufa kweli tangu wakati huo, na jamaa zao walipokuja kwa kibali cha mazishi, ofisi ilishindwa, maana mtu hafi mara mbili. Ili kubatilisha hati ile, sheria ilitaka mmoja wa waliotia saini akubali kwa maandishi kwamba hapakuwa na moto wowote. Alipofariki Bwana Muthama, nilibaki peke yangu.

Bi. Nzilani alirudi kwetu mwaka 1992, wilaya zilipogawanywa na watu wakapangwa upya. Alikuta mimi ni Karani Mkuu. Alinisalimia, akaniuliza habari za watoto mmoja mmoja kwa majina, akaketi katika meza ya mwisho karibu na mlango. Nilidhani atanitukana. Ilikuwa afadhali angenitukana.

Mwaka jana lile jambo lililoshindikana kwa kadi ya wizi lilianza kufanikiwa kwa kitabu cha serikali. Shemeji yake Mama Mwangangi, mtu aitwaye Kiema, alikwenda mahakamani na nakala ya hati yetu yenye muhuri. Alisema mjane wa nduguye alifariki, hakuacha mwana wa kiume, na yeye ndiye mrithi wa ekari sita. Kasyoka hakumtaja kabisa. Nyuma yake, katika benchi la pili, aliketi yule dalali wa suti, amenenepa kidogo. Safari hii hakuhitaji kumfundisha mtu uongo, kwa kuwa uongo ulikwisha kusainiwa na mimi.

Mama Mwangangi alisimama mbele ya hakimu akasema yuko hai. Hakimu, bila ubaya wowote, akamwomba kitambulisho. Alitoka pale akaja moja kwa moja ofisini, akaegemea kaunta yangu. Mama huyu hajui kusoma, lakini anajua kuuliza.

"Karani, kwa hivyo nilikufa lini?"

Nilimwambia ajaribu kurudi wiki ijayo. Kweli, ndivyo nilivyomwambia.

Jioni ile Bi. Nzilani alikuja mezani kwangu. Hakupandisha sauti. Alinikumbusha kwamba anastaafu Juni, na kwamba akishaondoka hakuna mtu humu atakayejua kwamba wale ni watu. Kisha akasema, "Kisilu, ni wewe umebaki," akachukua mkoba wake akaenda.

Niliogopa. Nawaambia leo bila kuficha. Nilihofia kufukuzwa, nilihofia kushtakiwa, nilihofia watoto wangu kusikia. Miezi tisa nilikula, nikalala, nikaimba kanisani, na mama yule akaendelea kuwa maiti kwa mkono wangu. Nimefanya kazi karibu na mtu mwaminifu kwa miaka mingi, na kitu nilichojifunza kwake ni jinsi ya kutomtazama usoni. Naona haya.

Leo tutampa saa ya ukutani na blanketi. Watasimama wasemaji na kumwita nguzo ya ofisi, wengine wao wakiwa ndio walioomba ahamishwe. Atatabasamu na kuwashukuru, kwa kuwa ndivyo alivyo. Nyama itakuwa tamu, maana mbuzi mmemchagua vizuri. Lakini kesi ya Mama Mwangangi itasikizwa tarehe 19 Julai, na Bi. Nzilani amekwisha kusema kwamba siku hiyo, akiwa mstaafu wa wiki tatu, atapanda naye gari waende. Hana cheo tena cha kumfanya hakimu amsikilize. Kwa hiyo naandika hapa atakachokibeba.

Mimi, Evanson Kisilu, Karani Mkuu, nasema kwa hiari yangu kwamba mwezi wa Aprili 1986 nilitia saini hati ya kuharibu vitambulisho arobaini na kimoja, na hati hiyo ni ya uongo. Sikuona moto. Hakuna kadi iliyochomwa. Kadi ziliibwa zikiwa mikononi mwangu, pamoja na kurasa nane za daftari, na hakuna mtu aliyenithibitishia kwamba hata mmoja kati ya wenyewe amekufa. Neno "amefariki" liliandikwa ili tusiulizwe. Wote waandikwe upya kuwa walikuwa hai siku ile, na walio hai leo wapewe vitambulisho vyao.

Stensili ya programu hii nimeipiga taipu mwenyewe na kuizungusha mashineni mwenyewe, nakala mia mbili, na zimegawiwa mlangoni kabla kamati haijasoma. Hakuna atakayezikusanya zote. Yaliyo katika nakala mliyoshika nimeyasaini kwa wino mbele ya wakili asubuhi ya leo, na karatasi hiyo imo ndani ya bahasha niliyoiweka katika mkoba wa Bi. Nzilani. Yatakayonipata kesho ni haki yangu.

Bi. Nzilani, kwa watu uliowashika mikono kwa miaka ishirini na tisa bila kumwandika hata mmoja kwa haraka, pokea asante ya ofisi ambayo haikustahili kuwa nawe. Nenda nyumbani ukapumzike, ule vizuri, wajukuu wakutume maji nawe ukatae. Tunakuombea siku nyingi zenye amani. Na mwezi ujao ukifika mbele ya hakimu, akiuliza ni nani anayesema kwamba Mumbua Mulei yu hai, usiseme ni wewe. Umelisema peke yako miaka minane. Mwambie ni karani aliyemwua.

E. Kisilu
Karani Mkuu, Kwa Ndululu